Pacha wa Juu na Pacha wa Chini

Desemba 11, 1962
Tumefika. Trekta ya theluji imetumia saa tano kutupandisha, mimi na masanduku yangu kumi na mawili, na nimetapika mara mbili kwenye kofia yangu mwenyewe. Dada yangu Esther angeliona hilo angecheka mpaka alie. Daftari hili amenipa yeye. "Humu ndimo uandike maudhi yako yote," alisema, "maana kwenye daftari la kazi hawaruhusu kutukana."

Basi tuko watatu juu ya Mlima Garrison, ndani ya nyumba ya mbao iliyofungwa kwa minyororo juu ya paa ili upepo usiichukue. Mzee Alvah Peaslee anapima hali ya hewa, huu ni msimu wake wa kumi na tisa, na kila neno humtoka kama jino linalong'olewa. Armand Ouellette, Mfaransa wa Kanada, anatunza jenereta na kupika, na anaongea kwa niaba ya wote wawili. Wa tatu ni mimi, Harriet Colcord, fundi wa maabara, mwanamke wa kwanza kukaa hapa wakati wa baridi. Kwa heshima hiyo wamenitundikia pazia lenye maua.

Desemba 13
Mashine imekwisha kuunganishwa. Tofali la plastiki angavu chini, matofali ya chuma juu yake, kamera mbele ya kioo. Armand alizunguka zunguka na mwiko mkononi mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bi Harriet, hebu nielewe. Hivyo vidudu vyako vinazaliwa wapi?"

"Siyo vidudu, ni muoni. Vipande vidogo mno. Vinazaliwa angani, maili kumi juu."

"Na vinaishi muda gani?"

"Sekunde moja uigawe mara milioni, uchukue sehemu mbili."

"Maskini! Hata ubatizo havipati. Na kutoka hapa mpaka baharini?"

"Sehemu sita, japo vinakwenda karibu na kasi ya mwanga."

"Basi karibu vyote vinafia njiani."

"Kwa saa yako na yangu, ndiyo. Lakini kitu kikienda kasi hiyo, saa yake yenyewe inakwenda polepole. Sisi tunahesabu sehemu sita, chenyewe hakijamaliza hata moja. Kwa hiyo kinafika baharini bado kijana. Mimi nahesabu vilivyopo hapa, Profesa Strand anahesabu vinavyofika kule chini ufukweni. Ana mashine pacha wa hii."

"Kwa hiyo mtu akikimbia hivyo hazeeki?"

"Anazeeka, ila polepole kuliko aliyemwacha nyumbani."

"Basi mke wangu asisikie. Ataanza kukimbia kesho asubuhi."

Nimecheka, ingawa mzaha wenyewe nimeuzoea. Profesa hupenda kuwasimulia wageni habari ya mapacha wawili, mmoja akasafiri karibu na kasi ya mwanga, akarudi akamkuta mwenzake amezeeka. Kisha huninyooshea kidole. Kwa sababu mimi ni pacha kweli, na Esther ndiye kurwa. Amenitangulia kwa dakika kumi na moja na hajaniacha nisahau hata siku moja.

Desemba 14
Saa nne zimehesabiwa. 561, 570, 558, 566. Natakiwa kufikisha saa mia mbili zilizo safi, kisha nashuka. Nikiomba matokeo ya ufukweni sipewi. Ndiyo sheria yetu: anayehesabu haambiwi jibu, asije akaanza kuliona kila mahali.

Desemba 15
Jumamosi. Maharage ya kuokwa na mafuta ya nguruwe. Mzee Peaslee alisema "mazuri," na Armand akatazama juu kushukuru mbingu.

Desemba 16
Kila siku saa sita mchana Mzee huvaa visikilizio vya redio na kuongea na watu wa chini. Jumapili hupokea ujumbe wangu kutoka kwa Esther na kunisomea kwa sauti ileile anayosomea upepo: "Darasa langu la tatu wamecheza igizo la Krismasi. Ng'ombe alizirai. Mshono umepona na nakula kuliko wewe. Kumbuka Februari kumi na tisa, usinifanye nizeeke peke yangu. Esther."

Oktoba walimtoa titi la kushoto. Daktari akasema wametoa kila kitu. Tutatimiza miaka arobaini tarehe hiyo ya Februari, na hatujawahi kuisherehekea bila kuwa pamoja. Nimemwahidi nitakuwa mezani, naye ataunguza keki kama kawaida yake.

Desemba 25
Armand ametupikia pai ya nyama ya kwao. Nimekula vipande vinne. Saa thelathini na tano zimehesabiwa.

Januari 6
Esther: "Nimemfundisha jirani kucheza karata na sasa ananishinda. Huu ni utovu wa shukrani."

Januari 8
Jenereta imezimika katikati ya hesabu. Saa tisa nzima zimetupwa. Nimepiga teke ndoo, na kwa kuwa ilijaa barafu, nachechemea.

Januari 10
Upepo.

Januari 11
Upepo. Kila baada ya saa moja Mzee anachukua mtaimbo, anatoka nje, anagonga barafu kwenye vyombo vyake, anarudi ndevu zimeganda, anaandika. Hajawahi kuruka saa moja ya zamu yake kwa misimu kumi na tisa. Zamani niliona ni ushujaa. Leo nimeona ni ukaidi tu.

Januari 13
Esther: "Theluji imefika dirishani. Niko salama." Mfupi mno. Labda ana watoto wengi wenye mafua.

Januari 20
Trekta imejaribu kupanda na kurudi. Theluji imeporomoka njiani. Sina chai, sina barua, na soksi zimebaki jozi moja na nusu. Esther: "Vaa vizuri."

Januari 27
"Esther anakusalimu," alisema Mzee.

"Na nini tena?"

"Ndiyo hayo."

Januari 29
Upepo maili mia kwa saa. Siwezi kufungua mlango hata nikitaka. Nyumba inatikisika, sufuria zinagongana ukutani, na sisi watatu tunaepukana machoni kama watu waliogombana. Nimemwambia Armand akipiga tena mluzi ule wimbo wake nitamwekea matofali ya chuma kitandani.

"Weka," akasema. "Nitapata joto."

Ameanza kunipakulia nyama zaidi. Sijui kwa nini. Nimenenepa.

Februari 3
"Esther anakusalimu."

Esther hajanisalimu maishani mwake. Esther hunitania, hunikosoa, hunipigia kelele kutoka chumba cha pili. Nimemuuliza Mzee mara mbili kama hayo ndiyo maneno yake hasa. Akasema redio ilikuwa na kelele.

Februari 5
Asubuhi nilifikisha saa ya mia na arobaini na nane. Siku hewa ikiwa nzito, muoni zinazonifikia ni chache, kwa hiyo kila hesabu yangu lazima niisahihishe kwa vipimo vya Mzee. Alikuwa nje na mtaimbo wake. Nikalichukua daftari lake mezani, nikaanza na siku za karibuni, nikinakili uzito wa hewa kuanzia ukurasa wa Januari 24, nikakutana na haya:

"Januari 24. Saa sita mchana. Nyuzi 24 chini ya sifuri. Upepo kaskazini magharibi, maili 96. Huwezi kuona mbali. Ujumbe: Bi Esther Colcord amerudishwa hospitali. Ugonjwa umeingia mapafuni. Haukufikishwa."

Nikafunua mbele.

"Januari 31. Nyuzi 19 chini ya sifuri. Upepo maili 81. Ujumbe: hali ya Bi Colcord imeshuka. Haukufikishwa."

Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Mlango ukafunguka, akaingia Mzee na barafu yake.

"Mzee, hii ni nini?"

Akatazama daftari. "Vipimo."

"Dada yangu anakufa na wewe umemwandika pamoja na upepo!"

"Ndiyo."

"Siku kumi na mbili!"

"Kumi na mbili," akasema, kama mtu anayethibitisha namba. Nilitamani kumpiga na mtaimbo.

"Kama ulikusudia kunificha, kwa nini uliandika?"

Hapo alionekana kutoelewa swali. "Uliingia, Bi Harriet. Kinachoingia kinaandikwa. Siwezi kuandika uongo humu."

"Lakini usoni kwangu unaweza!"

Akavua kofia. Kisha akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusikia kutoka kwake. "Hapa juu habari mbaya inangoja njia ifunguke. Mwaka wa arobaini na nane nilikuwa na mpimaji mwenzangu, Lyman. Mkewe akafa akijifungua. Niliupokea ujumbe, nikampa palepale. Akatoka nje bila koti. Tulimpata Mei."

Nilimgeukia Armand. Alikuwa anatazama sakafu. Ndipo nikajua nyama zile zilikuwa za nini.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, bibi. Nisamehe. Nimekuwa nikipiga mluzi ili nisiseme."

Nilivaa viatu. Nilivaa koti, nikavaa koti la pili. Armand akaweka kiti mlangoni akakikalia.

"Toka."

"Nje kuna maili tisini. Utafika kwa dada yako vipande vipande."

"Armand, toka!"

"Nipige, sitoki. Mimi ni mnene, nimeumbwa kwa kazi hii."

Nikamnyang'anya Mzee visikilizio, nikampata Profesa Strand. Nikamwambia alete trekta, alete watu, alete chochote.

"Harriet, njia haijafunguliwa. Umebakisha saa hamsini na mbili tu, na kwa jinsi ulivyojitolea—"

"Kujitolea gani? Dada yangu yuko hospitali!"

Akasema taratibu, "Najua. Nilidhani na wewe unajua. Nilidhani umeamua kumaliza kazi. Nimekusifu mbele ya watu."

Kwa hiyo huko chini watu wananiona shujaa wa sayansi aliyemwacha dada yake afe. Nilimuuliza kama Esther naye anadhani hivyo. Akasema hajui.

Hilo ndilo linaloniua. Afe akijua nilikuwa nimefungiwa, nitavumilia. Afe akidhani nilichagua kuhesabu muoni, sitaweza.

Februari 6
Upepo maili 88. Nimezima mashine.

Februari 7
Maili 93. Sisemi na Mzee.

Februari 8
Maili 90. Nimemwomba Armand amwambie Mzee asinipitishie chumvi.

Februari 9
Maili 71. Nimelala kutwa nikitazama ukuta, nikawa nahesabu kwa vidole. Januari 24, siku aliyorudishwa hospitali, nilikuwa nacheka: Armand alikuwa ameanguka na sufuria ya supu. Tarehe 31 nilishona soksi. Siku zote hizo Esther wangu alikuwa mzima, anacheza karata na jirani, kwa sababu hakuna aliyeniambia vingine. Kule chini Esther mwingine alikuwa anakwisha. Nilivyokuwa nikieleza habari ya saa mbili zinazoachana, kwa kujiamini, na penseli sikioni! Sikujua chochote.

Februari 10
Esther hakusalimu. Mzee alivua visikilizio, akaja akasimama mbele yangu, akasoma karatasi yote, neno kwa neno: "Bi Colcord bado ana fahamu. Madaktari hawana la kufanya zaidi." Kisha akasema, "Nimeufikisha." Nikasema asante kabla sijakumbuka kwamba sisemi naye.

Februari 12
Leo asubuhi upepo umeshuka hadi maili thelathini na tano. Mzee alikuja kwenye uji na kamba mbili na viatu vyenye meno ya chuma.

"Vaa. Tunashuka."

"Na vipimo vyako?"

"Armand atapima."

"Mimi?" Armand akaruka. "Mimi nitaandika 'baridi sana' kila saa mpaka urudi!"

"Andika namba," Mzee akasema. Kisha akafungua daftari, akaangalia saa, akaandika: "Saa moja kamili asubuhi. Mpimaji ameondoka kituoni." Alikaa na kalamu mkononi kama mtu anayetaka kuongeza kitu, akaifunga. Misimu kumi na tisa.

Maili nane, muda wa saa tisa. Sitayaandika yote kwa sababu sikuona yote. Niliona mgongo wa Mzee na kamba. Palipoporomoka theluji alichimba ngazi kwa shoka, ngazi moja moja, akinivuta. Mara tatu nilianguka, mara tatu akasema "Haya." Tulipofika kwenye miti ya kwanza tukakaa chini ya msonobari tukala mkate na maharage yaliyoganda. Nikamuuliza kama ana watoto.

"Binti. Loretta." Akatafuna. "Nilipoanza kazi hii alikuwa na miaka minne. Kila Mei nikishuka nilimkuta mtoto mwingine. Mara meno yametoka, mara anavaa viatu vya kisigino, mara kuna kijana sebuleni. Nilikuwa nasema moyoni, mimi nimeondoka kidogo tu." Akajipangusa ndevu. "Sasa ameolewa. Ananiita bwana Peaslee, kwa utani. Nadhani ni utani."

Sikumchukia tena baada ya hapo. Bado namkasirikia, lakini ni hasira ya mtu niliyefungwa naye kamba moja.

Februari 13, Portsmouth
Profesa alinipokea barabarani na gari. Njiani, ili aseme kitu, akaniambia jibu, maana sasa sihesabu tena. Kama muoni zingezeeka kwa saa zetu, ufukweni zingefika thelathini hivi kwa saa. Zimefika mia nne na nane. Nilitazama mashamba meupe dirishani, nisijue pa kuliweka jibu hilo.

Hospitalini muuguzi alinisimamisha kwenye mlango wa wodi.

"Wanaruhusiwa ndugu wa karibu tu."

"Mimi ni ndugu."

Akanitazama, mashavu yangu mekundu ya upepo na mwili wangu wa nyama za Armand. "Sawa, ingia. Nilidhani hakuwahi kuolewa. Wewe ni bintiye?"

Nikaingia. Nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Mikono yake ni ya mama yetu katika mwaka wake wa mwisho, na uso ni wa bibi yetu. Alikuwa macho.

"Hebu mtazame," akasema. Sauti ilikuwa yake. "Amenenepa. Mimi huku nakufa na yeye ananenepa."

Nilipiga magoti nikalia kwenye blanketi. Nikamwambia haraka haraka, asije akaondoka kabla sijamaliza, kwamba sikujua, Esther, walinificha, sikuchagua, naapa kwa kaburi la mama.

"Najua hukujua. Mimi ndiye niliyekataza."

"Nini?"

"Nilimtumia yule mzee ujumbe. Tarehe ishirini na tatu, kabla hawajanileta huku. Nikamwambia asikwambie, na asikwambie kwamba nimesema. Hakukwambia? Basi ni mwanamume wa maana, ungeolewa naye."

Tarehe ishirini na tatu. Siku ile nilifunua daftari mbele tu. Ukurasa wa nyuma sikuutazama. Najua umeandikwa, kwa mistari iliyonyooka.

"Kwa nini, Esther?"

"Ungefanya nini huko juu? Ungezeeka bure." Akapumzika, akavuta pumzi kwa shida. "Nilikuwa nalala hapa nikisema, yuko mmoja wetu bado mzima. Anakula, anapiga ndoo mateke. Nilitaka tuwe hivyo wiki chache zaidi. Wewe ni mimi pia, mjinga wewe."

Nikalaza shavu langu kwenye mkono wake.

"Haya, nipe namba," akasema. "Nimengoja namba. Zimefika ngapi?"

"Mia nne na nane. Zilitakiwa thelathini."

"Na zenyewe zinajua?"

"Zenyewe zinaona njia ilikuwa fupi tu."

"Zina bahati," akasema, akafumba macho. Nilimshika mkono mpaka wakanitoa.

Februari 16
Barua ya Armand imeletwa na watu wa trekta, maana njia imefunguka. "Nimepima saa arobaini na tatu bila kuruka. Mzee amerudi, amesoma, amesahihisha tisa. Nakuombea wewe na pacha wako."

Februari 19
Arobaini. Keki nimepika mimi, na imeungua. Esther alilamba sukari ya juu na kusema hatimaye nimejifunza.

Februari 22
Esther amefariki leo asubuhi, saa nne kamili. Nilikuwa nimemshika. Saa ya ukutani iko mkabala na kitanda, kubwa, na mshale wake wa sekunde unasikika.

Walitaka kumfunika, nikawaomba waningoje kidogo. Muuguzi akauliza wangoje nini. Nikasema dakika kumi na moja tu.

Maisha yangu yote alikuwa mkubwa wangu kwa dakika hizo. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, nikitazama ile saa. Saa nne na dakika kumi na moja nilikuwa nimemfikia. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na umri mmoja.

Kisha mshale ukasogea, nikawa mkubwa wake.